Paka wangu ana kifafa, kaandikiwa fenobabitali. Wenye uzoefu njooni

MtuWaChumbageni (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kule jukwaa la mifugo wanazungumzia kuku na ng'ombe tu, nikiuliza habari za paka wananicheka, ndiyo maana nimekuja huku.

Nipo Tanga, Chumbageni. Nina paka dume anaitwa Karafuu, miaka mitatu, kilo 3.8. Nimempima kwenye mzani wa duka la Mpemba hapa mtaani akiwa ndani ya ndoo, halafu tukatoa uzito wa ndoo.

Wiki sita zilizopita, usiku, alikuwa kalala juu ya kabati la vyombo. Nikasikia kishindo. Kufika namkuta kalala ubavu, miguu ya mbele imekakamaa, ya nyuma inapiga mateke, kucha zinakwaruza sakafu kwa kasi ya cherehani. Mdomo unatoa povu, mkojo umemtoka, macho wazi kabisa lakini hayanioni. Mimi niliona kama dakika kumi. Mke wangu aliyekuwa na akili zake anasema haikufika moja na nusu. Alipozinduka akazunguka nyumba nzima akijigonga ukutani, kisha akaenda kwenye bakuli akala kama aliyetoka kifungoni.

Mama mkwe, mwenyeji wa Pangani, alikuwa kwetu siku hiyo. Akasema hilo ni jini, atolewe nje usiku huohuo na mtu asiguse povu lake. Sikumtoa, ila nakiri sikulala.

Akaanguka tena baada ya siku 16. Kisha baada ya siku 9. Jumatano iliyopita kaanguka mara mbili usiku mmoja, hapo ndipo nikambeba kwenye kikapu kwenda kwa daktari wa mifugo. Kapimwa damu: sukari, ini, figo, vyote vizuri. Hakuna sumu ninayoijua, chanjo ya kichaa anayo. Nimeandikiwa fenobabitali, vile vidonge vya miligramu 30, robo asubuhi na robo usiku.

Sasa maswali. Hii si dawa ya watu? Haimuui? Atakula mpaka lini? Na mnakikataje kidonge chenyewe, maana kidogo kama dengu, nikikata nne napata vipande vitatu na unga.

---

Chaupele

Nimekaa paleee nasubiri madaktari waje.

---

BandaLaMbwa

Pole mkuu. Mimi nina mbwa wa kifafa, anatumia potasiamu bromaidi mwaka wa pili huu na hajambo kabisa. Ninayo chupa nzima, nipo Muheza, njoo nikugawie. Hiyo fenobabitali inalewesha bure.

Akianguka tena mpumulishe kitunguu maji kilichopondwa. Kinamzindua haraka.

---

DaktariMoro

Mleta uzi, kabla sijajibu maswali yako: USIENDE MUHEZA.

Bromaidi ni dawa nzuri ya mbwa. Kwa paka inaharibu njia za hewa, anaanza kikohozi na kubanwa kifua kama mwenye pumu, na wapo wanaokufa. Si kwa sababu dozi imezidi, hata dozi sahihi inawafanya hivyo. Kitunguu nacho kinavunja chembe nyekundu za damu ya paka. Ndugu yangu BandaLaMbwa najua una nia njema, lakini kila mara naletewa paka aliyetibiwa kama mbwa mdogo. Paka si mbwa mdogo. Ini lake halina uwezo wa kuvunja baadhi ya vitu ambavyo mimi, wewe na mbwa wako tunavivunja bila shida. Ndiyo maana parasetamoli inamuua.

Fenobabitali je? Ndiyo, ni ya watu, na ni ya zamani sana. Alfred Hauptmann kule Ujerumani aligundua inazuia kifafa mwaka 1912, na hadi leo ndiyo tunayoanza nayo kwa paka. Ini la paka huihimili vizuri, tena kuliko la mbwa. Dozi ya kuanzia ni takriban miligramu 2 kwa kila kilo, kila baada ya saa 12. Karafuu ana kilo 3.8, kwa hiyo ni miligramu 7 na kitu. Robo ya kidonge cha 30 ni 7.5. Daktari wako kapiga hesabu vizuri.

Usitegemee muujiza kesho. Dawa hii inajaa kwenye damu taratibu, inachukua kama wiki mbili mpaka iingiayo na itokayo zilingane. Akianguka siku ya nne si kwamba dawa imeshindwa, ni mtungi haujajaa. Wiki ya kwanza atayumba, atalala sana, atakunywa maji na kukojoa zaidi, na atakuwa na njaa ya ajabu. Usingizi na kuyumba hupungua. Njaa mara nyingi inabaki.

Mpaka lini? Jiandae kwa maisha yake yote. Baada ya wiki mbili tatu apimwe kiwango cha dawa kwenye damu kama maabara ipo. Kinachokubalika ni mikrogramu 15 hadi 45 kwa mililita, na wengi hutulia katikati hapo. Ukiona ngozi ya uso inamwasha mpaka anajichuna, au matezi yamevimba, au kapauka fizi, mrudishe kwa daktari. Si kawaida, lakini hutokea.

Na usiikatishe ghafla hata siku moja. Ubongo uliozoea dawa hii ukinyimwa, kifafa kinarudi kwa kishindo kuliko kile cha mwanzo. Kupunguza ni kwa miezi, tena chini ya daktari.

---

BandaLaMbwa

Sawa daktari, nimekuelewa. Nafuta kauli. Ila mbwa wangu kweli hajambo.

---

MamaNyau

Pole baba Karafuu. Mimi wangu jike, mwaka wa tatu huu na dawa hiyohiyo. Daktari kasema ya hospitali, mie niseme ya jikoni.

Kukata: kidonge kikavu, wembe mpya, weka juu ya sahani ya udongo na si kwenye plastiki maana kinateleza. Bonyeza mara moja kwa nguvu, usisugue. Mimi nakata vya wiki nzima Jumapili, naweka kwenye kikopo cheusi kikavu. Kipande kilichozidi kidogo ni cha asubuhi, kilichopungua natoa usiku. Unga unaobaki usiutupe, ukijaa robo ni dozi.

Kulisha: mwezi wa kwanza nilikuwa namfunga khanga kama mtoto mchanga, mume anashika, mie nachana mdomo. Tulikuwa na makovu sote wawili. Halafu nikagundua dagaa. Chukua dagaa mkubwa aliyechemshwa, mpasue tumbo, tia robo, mfunge. Lakini kwanza mpe dagaa mtupu mmoja, kisha mwenye dawa, kisha mtupu wa tatu umshike mkononi auone. Akimwona wa tatu hatafuni wa pili, anammeza mzima. Akitafuna ameonja uchungu, na siku hiyo umeshindwa.

Ukimtia kidonge kikavu mdomoni, mfuatishie maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kama mililita mbili hivi. Kidonge kinaweza kukwama kooni kikamchubua.

---

MtuWaChumbageni

Hii ya dagaa watatu nimeichukua kama ilivyo. Asante sana dada. Na daktari ahsante, mke wangu kasoma jibu lako mara mbili kwa sauti mbele ya mama yake.

---

Ruiru_Yetu

Habari zenu kutoka Kenya. Mimi nataka kuongeza kitu, maana mleta uzi amegusia sumu na watu wakapita tu.

Paka wangu alianza kutetemeka masikio, halafu ngozi ya mgongo, halafu mwili mzima, na baada ya masaa machache akaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Nikafikiri ni kifafa. Kumbe asubuhi nilikuwa nimempaka dawa ya viroboto ya mbwa, ile ya matone ya shingoni. Niliinunua agrovet, nikauliza kama inafaa paka, nikaambiwa weka kidogo tu. Ndani ilikuwa na pamethrini, sumu ya wadudu. Hiyo kidogo ndiyo nusura imuue.

Daktari aliniambia kwa simu nimuoshe na sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, si ya moto, nimfunge taulo, nimkimbize. Alilazwa siku mbili. Alipopona hakuhitaji dawa ya kifafa hata siku moja, kwa sababu hakuwa na kifafa. Kwa hivyo kabla mtu hajaanza vidonge vya maisha, akumbuke vitu vyote vilivyomgusa paka wiki hiyo. Hata kama ni mbwa wa nyumbani amepakwa na paka analala naye.

---

DaktariMoro

Hapo umeongea. Na huku kwetu ongeza dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mtu ana chupa ya josho ndani, anaona kupe kwa paka, anachanganya kwa makadirio. Ongeza na sumu ya panya, na panya mwenyewe aliyekula sumu.

Kingine ni chakula. Paka anayelishwa samaki wabichi watupu, miezi nenda rudi, anaweza kukosa vitamini B1, maana baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoiharibu. Kichwa kinainama kifuani, anayumba, kisha anaanguka. Huyo anapona kwa sindano za vitamini akiwahiwa. Ukipika samaki kimeng'enya kinakufa, kwa hiyo dagaa wa MamaNyau wa kuchemshwa hana neno.

Na kama paka hana chanjo, kabadilika tabia, anashambulia au anadondosha mate, msimshike mkimwita wa kifafa. Kichaa kipo huku. Aking'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyohiyo.

---

KibarazaLamu

Sisi huku paka ni wengi kuliko watu, na wanaoanguka nawaona tangu utotoni. Wazee walikuwa wakisema kapitiwa na ndege, kama degedege la watoto. Hatukuwahi kufikiri kuna kidonge.

---

MwanaMahenge

Nimesoma uzi huu kimya, nikajiuliza kama niandike.

Mimi natumia fenobabitali mwenyewe. Tangu nikiwa darasa la sita. Nimezaliwa Mahenge, kwetu ugonjwa huu upo sana, watafiti wamekuja miaka na miaka kuusoma. Nilikulia kwenye kijiji ambacho mtu akianguka, watu wanarudi nyuma. Hawakimbii mbali, wanarudi nyuma hatua tatu nne, wanasimama kuangalia. Wanaogopa povu. Niliungua mkono huu wa kushoto kwa sababu nilianguka kwenye jiko na hakuna aliyetaka kunigusa mpaka mama alipotoka kisimani.

Povu haliambukizi. Ni mate tu. Mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba mtu mzima aliyeguswa povu lake na mke wake miaka yote hii anamwandikia kutoka Ifakara, na mke hajambo.

Kuhusu kulewa: siku za mwanzo unahisi kama kichwa kimejazwa pamba. Paka hawezi kukwambia, kwa hiyo usimlazimishe kuruka. Ondoa vitu virefu. Na saa. Saa ndiyo dawa yenyewe. Mimi nimeweka redio inikumbushe saa.

---

MtuWaChumbageni

Kaka MwanaMahenge, nimemsomea. Hakusema kitu. Alinyamaza, akaenda kuosha vyombo.

---

Chaupele

Mimi niliyekaa paleee nimesogea karibu.

Swali la kijinga: si kuna valiumu? Si wampe ya usiku alale, yaishe?

---

DaktariMoro

Si la kijinga, wengi wanalifanya. Diazepamu (ndiyo valiumu) ya kunywesha kila siku inaweza kuua ini la paka ndani ya siku chache, na hakuna anayeweza kutabiri ni paka yupi. Kwa hiyo ya kila siku, hapana.

Ya dharura ni habari nyingine. Akianguka zaidi ya dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, ubongo unaumia na mwili unapata joto kali. Hapo daktari wako anaweza kuwa amekuachia diazepamu ya maji, unaiingiza kupitia haja kubwa kwa bomba lisilo na sindano, dozi uliyoandikiwa. Iache kwenye ampuli yake ya kioo, gizani. Usiivute kabisa kwenye bomba la plastiki ukaiweka wiki nzima, plastiki inainyonya na siku ya shida unaingiza maji matupu.

Wakati anaanguka usitie kijiko wala kidole mdomoni. Hamezi ulimi. Zima taa, zima redio, vuta meza, washa simu umrekodi, angalia saa. Ile video ina thamani kuliko maelezo yako yote, kwa sababu kila mtu akiogopa dakika moja inakuwa kumi. Mleta uzi ni shahidi.

---

BintiMuscat

Asalaam alaykum. Wangu nipo naye Muscat, alianza na fenobabitali akavimba matezi ya shingo, daktari akambadilishia pole pole levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa. Inapita kwenye figo, ini hailisumbui sana. Hakuleweshwa hata. Lakini ni miligramu 20 kwa kilo kila baada ya SAA NANE. Mara tatu kwa siku. Yaani saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku, kila siku ya Mungu. Ninafanya kazi ya zamu. Wallahi nimebadilisha zamu kwa ajili ya paka na bosi nilimwambia ni mgonjwa wa nyumbani, sikumwambia ana mkia.

Ni chungu pia, akinyweshwa anatoa povu unadhani kaanguka. Mara mbili nimelia bure.

---

MzeeWaLeicester

Ngoja niwape kisa cha huku Uingereza. Paka wetu alikuwa na miaka 16, mzee mwenzangu. Alianza kushtuka mwili kila nikikoroga chai. Kijiko kikigonga kikombe, tik, anaruka pale alipolala. Mfuko wa plastiki ukikwaruzwa, vilevile. Siku mke wangu alipochana karatasi ya alumini kufunika samaki, akaanguka kabisa, mateke na mkojo.

Daktari hakushangaa. Akasema kuna kifafa cha sauti kwa paka wazee. Utafiti wake ulitoka 2015, ulianza huku baada ya watu wenye paka kulalamika na madaktari kutowaamini. Wastani wa umri wa kuanza ni miaka 15. Magazeti yakauita ugonjwa wa Tom na Jerry. Kwa aina hiyo levetirasetamu ndiyo imeonekana kufanya kazi vizuri kupita fenobabitali. Wetu alipewa, tukahamia vijiko vya mbao, akaishi miaka miwili mingine kwa amani. Hadi leo ninakoroga chai bila kugusa kikombe. Mkono umezoea.

---

MtuWaChumbageni

Mrejesho, siku ya 12.

Siku tatu za kwanza alitembea kama katoka kwenye mnazi. Miguu ya nyuma inaenda upande wake. Aliruka kwenye kiti akakikosa, akakaa chini akajilamba kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Siku ya tano akaanguka, sekunde 50, ninayo video. Sikushtuka kwa sababu ya ule mtungi wa daktari. Tangu hapo kimya.

Njaa sasa! Juzi kafungua mfuniko wa sufuria ya wali akala ukoko. Paka anakula ukoko wakuu.

---

MtuWaChumbageni

Mrejesho, siku ya 58. Mbaya kidogo.

Alikuwa na siku kama 50 bila kuanguka. Nikajisahau. Ijumaa robo zimebaki mbili, nikasema kesho nitanunua. Kesho duka la kwanza hawana za 30, la pili hawana, la tatu wanataka cheti kipya kwa kuwa ni dawa ya kudhibitiwa, na daktari wangu yuko msibani Korogwe. Akakosa dozi tatu. Jumapili alfajiri akaanguka mara mbili. Ya pili ilifika dakika nne na nimeshika ampuli mkononi nahesabu.

Nimepata jana. Daktari kasema turudi dozi ileile, tusiongeze, kwa kuwa si dawa iliyoshindwa, ni mimi. Je, kama nikikosa za 30 nikapata za 60, nikate nane?

---

DaktariMoro

Usikate nane, utapata unga na lawama. Kuna ya maji pia, muulize daktari wako akuandikie, atakupa mililita badala ya robo. Na akiba isishuke chini ya wiki mbili. Siku unapofungua pakiti ya mwisho ndiyo siku ya kwenda kuchukua cheti.

Pole. Umeshika ampuli na umehesabu badala ya kukurupuka. Wengi wangekuwa washamimina.

---

MwanaMahenge

Pole ndugu. Imewahi kunitokea, mimi mwenyewe, kwa sababu hiyohiyo. Weka kikopo pale unapopaona kila siku.

---

MtuWaChumbageni

Kikopo sina habari nacho tena. Mama mkwe karudi toka Pangani wiki hii, kamkuta Karafuu kalala mlangoni, akamwangalia muda mrefu. Sasa robo zipo kwenye kopo lake la zamani la ugoro, anazihesabu kila jioni baada ya magharibi, na saa moja ikifika anaita toka uani: "Baba, wa dagaa!" Leo kanitangazia zimebaki arobaini na moja.